Dawa za Sonona na Mwili Usiotulia

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa miezi mitatu amepoteza usingizi, hamu ya kula na furaha ya kazi yake, hata jamaa zake wakamshauri aende hospitali. Daktari alimsikiliza, akaona kuwa ana ugonjwa wa sonona, akampa vidonge vya fluoksetini. Baada ya siku 10 mwalimu yule amerudi. Hakai kitini. Anasimama, anakwenda dirishani, anarudi, anakaa, anaupandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, anasimama tena. Mkewe anasema: "Daktari, wasiwasi umemzidi mwenzangu. Usiku kucha anazunguka uani." Daktari anaandika katika jalada kuwa mgonjwa ana wasiwasi mkubwa, na anaongeza kiasi cha dawa mara mbili.

Mwalimu huyo tumembuni kwa ajili ya maelezo. Kosa la daktari wake, hata hivyo, limeelezwa zaidi ya mara moja katika majarida ya utabibu: dalili iliyoletwa na dawa ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wenyewe unaozidi, na tiba iliyotolewa ikawa ni kumwongezea mgonjwa kile kile kilichomdhuru. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dawa zinazotibu sonona zinavyoweza kuvuruga mwendo wa viungo, na jinsi mgonjwa, jamaa zake na tabibu wanavyoweza kuutambua uvurugaji huo mapema.

Sonona ni neno la zamani katika Kiswahili, lenye maana ya kuumwa moyoni. Wataalamu wa afya wamelitwaa kuwa jina la ugonjwa ambao huzuni yake haiondoki kwa mapumziko wala kwa maliwazo, ambao huudhoofisha mwili pamoja na nia, na ambao usipotibiwa huweza kumfikisha mtu mahali pa kutamani kufa. Ni ugonjwa wenye tiba. Yafaa jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu maelezo ya madhara ya dawa huweza kumfanya msomaji aliye katika matibabu avitupe vidonge vyake jalalani leo hii, na hasara ya kufanya hivyo huenda ikawa kubwa kuliko nyingi ya zile tutakazozieleza.

Dawa za kwanza za sonona hazikutafutwa; ziliokotwa njiani. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, ndugu wa isoniazidi ambayo hadi leo inatumika katika kliniki zetu za kifua kikuu. Madaktari wakashangaa kuona watu waliokuwa hoi wamechangamka kupita ilivyotarajiwa, hata wengine wakacheza dansi. Miaka 5 baadaye daktari wa Marekani, Nathan Kline, pamoja na wenzake, akaeleza matumizi ya dawa hiyo kwa wenye sonona. Mwaka huo huo wa 1957 Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Münsterlingen nchini Uswisi, alitangaza kuwa imipramini, ambayo alikuwa ameijaribu kwanza kwa wagonjwa wa skizofrenia, haikuwafaa hao bali iliwainua wenye sonona. Kutokana na imipramini ikazaliwa jamii ya dawa ambayo ndani yake imo amitriptilini. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987, ikafuatwa na sertralini, paroksetini na nyinginezo. Amitriptilini na fluoksetini zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa hiyo ndizo tutakazozitaja zaidi.

Ubongo na mwendo wa viungo

Seli za neva zinapopashana habari, kwa kawaida hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo mwembamba mno, na habari huvuka upenyo huo kwa njia ya kemikali. Seli ya kwanza humwaga kemikali. Seli ya pili huipokea kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Kisha seli ya kwanza huifyonza kemikali iliyobaki ili itumike safari nyingine. Nyingi ya dawa za sonona huuziba mlango huo wa kufyonzea, na hivyo kemikali mbili ziitwazo serotonini na noradrenalini hubaki upenyoni kwa muda mrefu zaidi. Dawa za ukoo wa iproniazidi hufuata njia nyingine: hukizuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzivunjavunja kemikali hizo.

Lakini serotonini ile ile inayohusika na hali ya moyo inahusika pia na usingizi, na kazi ya tumbo, na maumivu, na mwendo wa viungo. Kidonge kikishaingia katika damu hakiwezi kuambiwa kiende mahali pamoja tu.

Ndani ya ubongo, chini ya gamba lake, yako mafundo ya seli ambayo kazi yake ni kusawazisha mwendo, yaani kuuruhusu ule unaotakiwa na kuuzuia usiotakiwa. Mtu anyooshapo mkono kuchukua kikombe cha chai, mafundo hayo huuruhusu mkono uende na kuiamuru misuli mingine itulie, na yote hayo hufanyika pasipo mwenye mkono kufikiri. Kemikali inayotawala kazi hiyo ni dopamini. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1957, wakati mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, alipowapa sungura dawa ya reserpini. Sungura walilala wamelegea, masikio yameanguka, wasiweze kujongea. Alipowadunga kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka katika muda mfupi. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata, Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000. Reserpini, nitaje kwa kupita, ilitolewa katika mmea wa Bara Hindi wa jenasi ya Rauvolfia. Katika jenasi hiyo umo msesewe wa Kilimanjaro, ambao magome yake Wachagga huyatia katika mbege.

Msomaji atauliza: ikiwa dawa za sonona huongeza serotonini, zinaingiaje katika habari za dopamini? Jibu ni kwamba neva za serotonini huanzia katika shina la ubongo na kupeleka matawi yake hadi kwenye neva za dopamini, na huko mojawapo ya kazi zake ni kuzipunguza kasi, kama breki ipunguzavyo mwendo wa gurudumu. Serotonini ikizidi, breki hukazwa, na dopamini inayofika katika mafundo ya mwendo huweza kupungua. Kwa watu wengi hakuna lolote linaloonekana. Kwa wengine, hasa wazee na wale ambao dopamini yao ilikuwa haba tangu hapo, breki hiyo hudhihirika mwilini.

Akathisia

Jina akathisia lilitumiwa na daktari wa Prague, Ladislav Haškovec, mwaka 1901, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kutoweza kukaa. Wakati ule dawa tunazozizungumza hazikuwapo. Hali hiyo ilipoonekana tena katika miaka ya 1950, safari hii kwa watu waliopewa reserpini na klopromazini, jina lilikuwa tayari linaingoja. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa waliopatwa nayo baada ya kuanza fluoksetini, nao walisisitiza kuwa hali waliyoiona ilifanana sana na ile inayoletwa na dawa za skizofrenia.

Akathisia ina upande wa ndani na upande wa nje. Upande wa nje huonekana: mgonjwa anapiga hatua papo hapo alipo, anahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akikaa anaitikisa miguu, akilala anainuka. Upande wa ndani ndio ulio mzito zaidi, na hauonekani. Mgonjwa huhisi kuwa kitu kinamsukuma ainuke, kwamba miguu inamwasha mahali asipoweza kupakuna. Wako wanaoijua nguvu hiyo ya ndani bila kuonyesha mwendo wowote, kwa kuwa wanajizuia mbele ya watu, na hao ndio wanaosahauliwa kwa urahisi.

Hapa lugha yetu inatutia katika taabu. Neno wasiwasi limebeshwa mzigo mkubwa: ni shaka, ni hofu, ni kutotulia kwa fikra, na katika mazungumzo ya dini ni ule ushawishi wa shetani anayenong'ona moyoni. Mgonjwa asemapo "nina wasiwasi", daktari husikia hofu na kuandika hofu, kumbe huenda mgonjwa anazungumza juu ya miguu yake. Tena hofu ni sehemu ya sonona yenyewe, kwa hiyo daktari haoni sababu ya kuuliza zaidi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiliandike neno hilo katika jalada kabla ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: wasiwasi huo uko katika mawazo, au uko mwilini? La pili: ukitembea unapata nafuu? Mwenye hofu atataja jambo analoliogopa, au atasema moyo unamwenda mbio. Mwenye akathisia mara nyingi ataishika miguu yake kabla hajajibu, na atasema kuwa akitembea hupata nafuu kidogo, na akikaa hurudi pale pale.

Wakati nao ni shahidi. Akathisia huanza katika siku au wiki chache za mwanzo wa dawa, au mara baada ya kiasi chake kuongezwa. Fluoksetini inahitaji uangalifu zaidi katika jambo hili, kwa sababu hutoka mwilini polepole sana, na kiasi kile kile cha kila siku huendelea kujilimbikiza katika damu kwa wiki 4 hadi 5. Kwa hiyo dalili huweza kutokea katika wiki ya tatu ijapokuwa mgonjwa hajabadili chochote, na wote wakadhani dawa haihusiki.

Uchunguzi wenyewe hautaki mashine. Daktari wa Uingereza, Thomas Barnes, alitoa mwaka 1989 kipimo ambacho bado kinatumika duniani kote: mgonjwa anatazamwa akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, kila hali kwa dakika zisizopungua 2, huku akizungumzishwa mambo ya kawaida, halafu anaulizwa juu ya hisia yake ya ndani na jinsi inavyomtaabisha. Dakika 4 za kutazama zingemwokoa mwalimu wetu. Naelewa fika kuwa katika kliniki yenye foleni inayofika barazani dakika 4 si kitu kidogo, lakini ni chache kuliko zile zitakazotumika mgonjwa huyo akirudishwa usiku.

Nasema hivyo kwa sababu jambo lenyewe si la usumbufu tu. Mwaka 1991 madaktari wawili wa Marekani, Rothschild na Locke, walieleza habari za wagonjwa watatu ambao walikuwa wamejaribu kujiua wakati wakitumia fluoksetini. Walipopewa tena dawa hiyo chini ya uangalizi, wote watatu walipatwa na akathisia, na walieleza kuwa ni hali hiyo ya kutotulia iliyowafanya waone hawawezi kuendelea kuishi. Dawa ilipoondolewa, au walipoongezewa propranololi, hali ile ilitulia. Wagonjwa watatu ni wachache, na hawatoshi kuihukumu dawa ambayo imewasaidia mamilioni. Hata hivyo, mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliitaja akathisia miongoni mwa dalili za kuangaliwa mwanzoni mwa matibabu, kisha ikaagiza onyo zito liwekwe katika maelezo ya dawa zote za sonona kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi kwa vijana wa miaka 24. Mgonjwa aliyeanza dawa ya sonona na ambaye ghafla anasema hawezi kuvumilia, jamaa zake wasimwache peke yake, nao wamfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba ipo, na kwa kawaida ni rahisi. Daktari huweza kupunguza kiasi cha dawa, au kumrudisha mgonjwa katika kiasi cha mwanzo na kupanda polepole, au kubadili dawa. Propranololi, dawa ya zamani ya shinikizo la damu, huwatuliza wengi, ingawa haifai kwa mwenye pumu. Mwalimu wetu, kama angeulizwa yale maswali mawili, angepunguziwa dawa badala ya kuongezewa.

Kuna hali iliyo jirani na akathisia ambayo hutofautiana nayo kwa saa: miguu hutaabika jioni na usiku tu, mtu alalapo, na mchana humwacha. Dawa za sonona huweza kuileta au kuizidisha, hasa mirtazapini. Upungufu wa madini ya chuma mwilini huizidisha pia, na kwa mama mwenye upungufu wa damu kupima na kurudisha madini hayo huenda kukafaa kuliko kubadili kidonge.

Mtetemeko, meno na shingo

Dhara la mwendo linaloonekana mara nyingi ni mtetemeko mwembamba wa vidole, ule unaojulikana mtu ashikapo kisahani cha chai au aandikapo jina lake. Amitriptilini na jamaa zake huuleta, na fluoksetini na jamaa zake kadhalika. Kahawa huuzidisha. Mara nyingi hauna hatari, na hupungua kiasi cha dawa kikipunguzwa. Wengine hushtuka misuli waanzapo kusinzia. Wengine husaga meno usingizini, na hugundua tu kwa maumivu ya taya asubuhi au kwa kuambiwa na anayelala nao chumba kimoja. Nimeona watu wakipewa dawa ya minyoo kwa sababu hiyo, kwani kwetu kusaga meno husingiziwa minyoo siku zote.

Mambo ya shingo ni mazito zaidi. Distonia ni kukazana kwa misuli kusikotakiwa: shingo hupinda upande mmoja, macho hugeuka juu na kukwama huko, taya hufunga, ulimi hutoka. Dawa za sonona zikiwa peke yake huleta hali hii mara chache. Huiletea hasa zikichanganywa na dawa zinazoziba vipokezi vya dopamini, na michanganyiko hiyo ni mingi kuliko mtu anavyodhani. Kuna vidonge vilivyotengenezwa kwa kuunganisha amitriptilini na perfenazini, ambayo ni dawa ya skizofrenia. Kuna amoksapini, dawa ya sonona inayotokana na loksapini, nayo ni dawa ya skizofrenia pia, kwa hiyo imerithi tabia za mzazi wake. Na kuna njia ya tatu, inayopitia duka la dawa. Fluoksetini na sertralini huleta kichefuchefu katika siku za mwanzo. Mgonjwa hununua metoklopramidi ili kuzuia kutapika. Metoklopramidi huziba vipokezi vya dopamini. Na sasa dopamini imebanwa pande mbili. Kijana aliyelala mzima anaamka shingo imepinda.

Watu wa nyumbani wakimwona katika hali hiyo, wako watakaosema amepandwa na pepo, na wako watakaosema ni pepopunda. Wa pili hawako mbali sana, maana taya iliyofunga ni dalili ya pepopunda pia, na ni daktari atakayezitenganisha. Distonia ya dawa huja katika saa au siku chache baada ya dawa kuanzwa, mgonjwa akiwa na fahamu zake zote, na hufunguka katika muda mfupi akidungwa sindano ya dawa inayopinga asetilikolini, kemikali ambayo husawazishana na dopamini katika mafundo ya mwendo. Ni mojawapo ya tiba chache ambazo jamaa huiona ikitenda kazi mbele ya macho yao. Kwa hiyo, mtu wa namna hiyo akifikishwa hospitali, jamaa wachukue pakiti zote za dawa alizokunywa juma lile, pamoja na zile za kutapika na za mafua.

Kwa wazee sura ya mambo hubadilika. Badala ya kukazana kwa ghafla, huja upole wa kuogofya: hatua zinafupika, uso unakosa mabadiliko, mikono haipungi mtu atembeapo. Hali hii yafanana na ugonjwa wa Parkinson, na kwa mzee mwenye sonona ni rahisi kudhaniwa kuwa ni huzuni tu, kwa kuwa mwenye huzuni naye hutembea polepole. Na yako matikisiko ya kuchelewa, ya midomo na ulimi, kama mtu atafunaye kitu kisichopo, ambayo hutokea baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa zinazoziba dopamini na huweza kubaki hata baada ya dawa kuachwa. Kwa sababu ya hayo, mwaka 2009 mamlaka ile ile ya Marekani iliagiza onyo juu ya kutumia metoklopramidi kupita wiki 12.

Serotonini ikifurika

Yote tuliyoyataja hadi hapa yanaweza kungoja kliniki ya kesho au kufika hospitali kwa teksi. Hili moja halingoji. Dawa mbili zinazoongeza serotonini kwa njia tofauti zikikutana katika mwili mmoja, kemikali hiyo huweza kufurika. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, aliyekuwa akitumia dawa ya sonona iitwayo fenelzini, ya ule ukoo wa iproniazidi, alilazwa hospitali New York kwa homa na kutotulia, akadungwa pethidini, akafariki katika saa chache. Wengi wa madaktari walioichunguza habari yake huutaja mkutano wa dawa hizo mbili. Kifo chake kilisababisha hata sheria za kazi kubadilishwa: kuanzia mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 kwa juma kwa madaktari walio mafunzoni.

Dalili za kufurika huko ziko mwilini zaidi kuliko katika mawazo. Mgonjwa anatokwa jasho, mboni zimepanuka, tumbo linamwendesha, joto linapanda, na misuli, hasa ya miguu, inashtukashtuka. Tabibu akiusukuma unyayo kuelekea juu kwa ghafla na kuushikilia, mguu hupigapiga wenyewe mara kwa mara bila kukoma. Alama hiyo ndiyo iliyofanywa kuwa nguzo ya utambuzi na watafiti wa Hunter huko Australia mwaka 2003. Katika nchi ambayo homa hudhaniwa kuwa malaria kabla ya kupimwa, alama ya unyayo ina thamani kubwa, maana malaria ya kawaida, isiyofika ubongoni, haiufanyi mguu upigepige namna hiyo. Dawa ya kuangaliwa zaidi katika mazingira yetu ni tramadoli, ambayo watu hutumia kwa maumivu wasijue kuwa nayo huongeza serotonini. Pia baadhi ya dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, na linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu.

Kwa nini mtu mmoja adhurike na mwingine asidhurike kwa kiasi kile kile? Sehemu ya jibu imo katika ini. Kimeng'enya kimoja kiitwacho CYP2D6 huivunja amitriptilini, na haloperidoli, na dawa nyingine nyingi, na jeni inayokitengeneza hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti uliofanywa kwa Watanzania na kuchapishwa mwaka 1999 na 2001 ulionyesha kuwa wengi kati yao wana aina za jeni hiyo zinazotoa kimeng'enya chenye nguvu pungufu, na mojawapo ya aina hizo, ya namba 29, ilielezwa katika utafiti huo. Kwa Waethiopia, mwaka 1996, ilionekana kinyume chake: karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, na hivyo dawa huwaishia haraka. Viwango vilivyoandikwa katika vitabu tunavyofundishia vilipimwa zaidi kwa Wazungu. Kwa hiyo daktari anayemwanzisha mgonjwa wetu kwa amitriptilini kidogo wakati wa kulala, na kupanda polepole, anafuata elimu, wala hafanyi woga.

Fluoksetini na paroksetini zina jambo la ziada: zenyewe hukizuia kimeng'enya hicho. Mgonjwa anayetumia haloperidoli bila taabu kwa mwaka mzima, akiongezewa fluoksetini, kiasi cha haloperidoli katika damu yake hupanda ijapokuwa hajaongeza hata kidonge kimoja, na wiki chache baadaye anaanza kukakamaa. Pakiti ya haloperidoli haikubadilika, kwa hiyo hakuna anayeishuku.

Neno moja juu ya kuacha. Paroksetini ikikatwa ghafla, katika siku chache huleta kizunguzungu, mtetemeko na hata kutotulia kama kule tulikokueleza, na mgonjwa hudhani sonona imerudi. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Fluoksetini hufanya tofauti. Kwa mtu aliyeizoea, nusu yake hutoka mwilini baada ya siku 4 hadi 6, na zao lake ambalo nalo lina nguvu huchukua siku 4 hadi 16 kupungua kwa nusu. Ndiyo maana daktari husubiri wiki 5 baada ya kuiacha kabla ya kutoa dawa ya ukoo wa fenelzini, na ndiyo maana mgonjwa aliyeachishwa fluoksetini kwa sababu ya akathisia asishangae kuona miguu yake bado inamsumbua juma la pili. Daktari humpa kitu cha kumtuliza kwa muda huo, na kumwambia ahesabu majuma badala ya siku.